Kisu Kidogo cha Pete ya Funguo: Kipi Ununue, Kipi Ukiache Dukani

Haupiti mwezi bila mtu kuniuliza swali hili, na mara nyingi ni baba au mama aliyeanza kazi karibuni: "Kuna kisu kidogo cha kuning'iniza kwenye funguo nimekiona sokoni. Naweza kukinunua?" Swali ni fupi lakini jibu lake haliishi kwenye simu, ndiyo maana nimeliandikia somo zima katika toleo hili. Lisomeni pamoja na vijana wenu, kwa sababu wao husimamishwa barabarani mara nyingi kuliko sisi wazazi.

Kule tulikotoka, kisu mfukoni si habari. Nyarugusu, Nakivale au Kakuma, bila kisu au wembe utakataje kamba ya turubai, utafunguaje gunia la mgao, utamenyaje muhogo? Nimekulia kambini na sikumbuki mtu mzima aliyewahi kuulizwa kwa nini ana kisu. Hapa tulipo, hilo ndilo swali la kwanza, na sheria inakutaka wewe mwenye kisu uwe na jibu. Kisu kibaya kwenye funguo kinaweza kumpeleka mahakamani mtu ambaye hajamgusa wala kumtisha yeyote. Kwa hiyo somo hili linaanza na sheria, na duka litafuata.

Niseme pia kwamba ninaeleza sheria ya England na Wales. Uskoti na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao. Zinafanana na hii kwa mengi, si kwa yote, kwa hiyo familia zilizopelekwa Glasgow au Belfast zimuulize mhudumu wao wa kesi kabla ya kununua.

Mambo matatu ya kuangalia

Sheria inayotuhusu ni ya mwaka 1988. Inasema ni kosa kuwa na kitu chenye makali au ncha kali mahali pa umma bila sababu nzuri. Mahali pa umma ni barabara, basi, treni, duka, bustani, hata ndani ya gari lako likiwa barabarani. Adhabu ya juu kabisa ni kifungo cha miaka 4, au faini isiyo na kikomo, au vyote viwili. Kumbuka kuwa kosa hapa ni kuwa nacho tu. Hakuna anayelazimika kuthibitisha kwamba ulitaka kumdhuru mtu.

Sheria hiyohiyo imeacha mlango mmoja wazi. Unaweza kutembea na kisu cha mfukoni bila kuwa na sababu yoyote maalumu, mradi kiwe cha kukunja, makali yake yasizidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, na kiwe hakijifungi kikishafunguliwa. Lazima yote matatu yawepo. Kikikosa moja, kinahesabiwa sawa na kisu cha jikoni.

Urefu watu wanauelewa. Chukua rula, pima makali, umemaliza. Kukunja nako kunaeleweka: kisu kisichokunjika hakikubaliki, hata kama makali yake ni sentimita 2 na kimevikwa ala nzuri ya plastiki. Jambo la tatu ndilo linalowaponza watu, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Visu vingi vya kukunja vina kitu ndani kinachoushika ubapa usirudi wakati unakata. Ukitaka kukikunja, inabidi ubonyeze kitufe, au usukume kibati kando, au uvute kitu fulani mgongoni mwa mpini. Hicho ndicho kisu kinachojifunga. Fundi anakipenda kwa sababu hakimkati vidole. Lakini tangu miaka ya 1990 mahakama za hapa zimeamua kwamba kisu cha namna hiyo, kikiwa kimefunguliwa na kujifunga, si kisu cha kukunja kwa maana ya sheria. Kwa hiyo hakiupiti ule mlango niliousema, hata kiwe kifupi kiasi gani.

Namna ya kukijaribu ni rahisi. Fungua kisu chote. Shika mpini, weka vidole mbali na njia ya makali, kisha sukuma ubapa kwa upande wa mgongo, ule usio na makali, taratibu. Kikianza kukunjika kwa kusukumwa tu, bila kugusa kitu kingine, hakijifungi. Kikikataa kurudi mpaka ubonyeze mahali, kirudishe kwa muuzaji. Kwenye boksi au kwenye tangazo la mtandaoni tafuta maneno "non-locking", maana yake hakijifungi. Ukiona "locking" peke yake, au "lock knife", kiache.

Nitoe mfano mmoja ili jambo hili likae vizuri. Leatherman Wave ni zana maarufu sana ya kazi nyingi, ina koleo, bisibisi, msumeno na visu. Makali ya kisu chake ni kama inchi 2.9. Ukipima kwa rula utasema kipo chini ya inchi 3, basi kiko salama. Hakiko salama, kwa sababu visu vyake vinajifunga. Fundi anayekwenda nacho kazini ana sababu nzuri. Yuleyule akienda nacho Jumamosi kwenye duka kubwa na watoto, sababu imebaki kazini.

Hapa wengi huniuliza: kama ni kosa kutembea nacho, mbona dukani kinauzwa waziwazi? Kwa sababu kuuza na kutembea nacho ni mambo mawili tofauti. Kisu kinachojifunga ni halali kuuzwa kwa mtu mzima na ni halali kukaa nyumbani kwako. Muuzaji hana kosa, na wala halazimiki kukueleza utakitumiaje. Risiti ya duka haikulindi barabarani.

Visivyotakiwa hata nyumbani

Kuna kundi jingine ambalo hata kabatini halitakiwi, na bahati mbaya vingi vya kundi hili vinatengenezwa kwa ajili ya pete ya funguo. Ni visu vilivyojificha ndani ya umbo la kitu cha kawaida: ufunguo, kalamu, kichana, rangi ya midomo, kiberiti cha gesi. Kisu chenye umbo la ufunguo kinapatikana mtandaoni kwa bei ya kikombe cha kahawa, na picha yake inavutia kweli. Kimepigwa marufuku hapa. Tangu Julai 2021 ni kosa kuwa nacho hata ndani ya nyumba yako. Vivyo hivyo kisu kinachochomoka chenyewe kwa kubonyeza kitufe au kwa msaada wa springi, na kile cha mikono miwili kinachorushwarushwa ambacho vijana wanakiita kipepeo.

Ukiagiza vitu kama hivi kutoka nje ya nchi vinaweza kukamatwa mpakani, na jina na anwani kwenye kifurushi ni vyako. Wazazi, tazameni kile watoto wenu wanachoagiza kwa kadi zenu za benki. Sisemi muwachunguze kama polisi. Kaeni nao tu kifurushi kinapofunguliwa.

Sasa, kipi ununue?

Jiulize kwanza: unakitaka cha nini? Nikiwauliza wateja wangu, majibu ni yaleyale: kufungua vifurushi, kukata uzi wa nguo au lebo ya sweta la mtoto, kufungua mfuniko wa betri wa mdoli, kukaza skrubu ya miwani, kutoa mwiba. Hesabu wenyewe. Katika kazi hizo zote, ni ngapi zinahitaji kisu? Nyingi zinahitaji mkasi, bisibisi ndogo na kibano. Ndiyo maana ushauri wangu ni kuchagua zana kwa ajili ya mkasi wake, na kisu kiwe nyongeza tu.

Kisu cha kwanza ambacho ningekuonyesha ni kile kidogo cha Victorinox kiitwacho Classic. Kikikunjwa kina urefu wa milimita 58, kama kidole kidogo cha mtu mzima, na uzito wake ni gramu 20 na kidogo, kwa hiyo hautauhisi kwenye funguo. Ndani yake mna kisu kifupi kisichojifunga, mkasi wenye springi, tupa ya kucha yenye ncha ya bisibisi, kibano na kijiti cha meno. Mkasi ule ni mdogo lakini unakata vizuri kuliko mikasi mingi ya jikoni niliyoikuta kwenye nyumba tunazowapokelea wageni. Usiitumie ile ncha ya tupa kufungulia skrubu kubwa ya plagi ya umeme. Itapinda. Plagi za hapa zina fyuzi ndani na siku moja utahitaji kuibadilisha, lakini kazi hiyo ni ya bisibisi ya nyumbani.

Kwa wanaopenda kujua asili ya vitu: kampuni hiyo ilianzishwa na Karl Elsener mwaka 1884 kijijini Ibach, Uswisi. Mwaka 1891 alianza kulipatia jeshi la nchi yake visu vya askari. Jina la Victorinox limeunganishwa kutoka Victoria, jina la mama yake, na "inox", neno la Kifaransa la chuma kisichoshika kutu. Nasema haya kwa sababu visu vya kuiga ni vingi sokoni, vyekundu na vyenye msalaba vilevile. Cha kuiga si kosa kisheria, lakini springi yake huchoka upesi na ubapa unaanza kulegea kama jino la mtoto. Kisu kilicholegea hufunguka chenyewe mfukoni.

Cha pili ni Leatherman Micra. Hii ni tofauti kidogo: ukiikunjua unapata mkasi mkubwa wenye nguvu, na ndani ya mipini yake kuna kisu kidogo, bisibisi, kifungua chupa, kibano na tupa. Ni nzito zaidi, kama gramu 50. Fundi cherehani au mama anayesuka nywele ataipenda kuliko ile ya kwanza. Angalia tu usichanganye jina: Leatherman ni kampuni moja yenye zana nyingi, baadhi zinajifunga na baadhi hazijifungi. Jina la kampuni halikuambii chochote kuhusu sheria. Fanya lile jaribio la kusukuma mgongo.

Cha tatu, na kwa familia nyingi ninazozihudumia hiki ndicho ningekinunua mimi, ni zana isiyo na kisu kabisa. Victorinox wanayo moja ya ukubwa uleule wa milimita 58, inaitwa Jetsetter. Ina mkasi, bisibisi ya msalaba yenye sumaku, na kifungua chupa. Hakuna kisu. Vijana watasema ni ya kitoto. Waache waseme. Mtu mwenye watoto wa shule, au anayefanya kazi ya kuhudumia wazee, au anayepita kwenye milango ya ukaguzi kila wiki, ataishi kwa amani na zana hii kuliko na nyingine yoyote.

Bei za vidogo hivi hutegemea aina na duka. Sheria inakataza kumuuzia kisu mtu wa chini ya miaka 18, isipokuwa kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3. Hata hivyo maduka mengi yatakuomba kitambulisho kwa kisu chochote, na wa mtandaoni wataomba wakati wa kukuletea mlangoni. Usikasirike, si kwa sababu ya lafudhi yako. Kama hati yako ya ukaazi iko mtandaoni tu na huna kadi ya kuonyesha, leseni ya muda ya udereva inakubalika kama ushahidi wa umri. Ni vizuri kuwa nayo kwa mambo mengine pia.

Neno moja linaloharibu kila kitu

Hapa naomba msome polepole.

Kisu halali, kifupi, kisichojifunga, kinaweza kugeuka kuwa silaha kwa neno utakalosema. Sheria nyingine, ya mwaka 1953, inakataza kutembea na silaha ya kushambulia, na silaha kwa maana hiyo ni kitu chochote ambacho mwenye nacho amekusudia kumdhuru mtu, hata kama ni kwa kujihami. Kwa hiyo polisi akikuuliza una kisu cha nini, nawe ukajibu kwamba ni cha kujilinda, umeshalijibu swali la mahakama kabla hujafika mahakamani. Kile kisu cha mkasi na kibano sasa ni silaha, na ule mlango wa inchi 3 umefungwa.

Sisi tuko hatarini zaidi kwa sababu ya lugha. Mtu anayejifunza Kiingereza hushika neno la kwanza analolijua. Mwenzetu anayefanya usafi usiku anataka kusema ana kisu kwa ajili ya kufungulia mifuko ya sabuni, lakini anaogopa, maneno yanakimbia, na lile analolikumbuka ni "protection" au "security", kwa sababu maneno hayo ameyasikia ofisini kwetu kila siku. Kwetu sisi ulinzi ni neno zuri. Ndilo neno la karatasi zetu za ukimbizi. Kwa askari anayekupekua, lina maana nyingine kabisa.

Kwa hiyo fanyeni hivi nyumbani. Kila mwenye kisu au zana kwenye funguo zake ajifunze kusema kwa Kiingereza chepesi kazi ya kweli anayokifanyia: kufungua maboksi, kukata uzi, kukaza miwani. Iwe kweli, isiwe hadithi ya kukariri. Na kama kweli moyoni unakitaka kwa sababu unaogopa kupigwa njiani ukitoka kazi ya usiku, usikinunue. Njoo tuzungumze juu ya njia unayopita, basi la mwisho, au kumwomba msimamizi wako akubadilishie zamu. Hofu yako ni halali. Kisu ndicho kisichokuwa jibu lake. Hata zile pete za funguo zenye masikio ya paka yaliyochongoka, zinazouzwa kwa wasichana, ziko kwenye hatari hiyohiyo, kwa sababu hazina kazi nyingine zaidi ya kuumiza.

Ukisimamishwa, usikimbie na usiingize mkono mfukoni. Mwambie askari mapema kwamba kwenye funguo zako kuna kisu kidogo, asije akajikata akidhani unamficha. Kabla ya kukupekua anatakiwa akueleze jina lake na kituo chake, anatafuta nini na kwa sababu gani. Hulazimiki kutaja jina lako ili upekuliwe, na una haki ya kupata nakala ya kumbukumbu ya upekuzi huo ndani ya miezi 3. Kuna nyakati ambapo eneo zima hutangazwa kwa muda maalumu na polisi wanaweza kumpekua yeyote hata bila kumshuku. Mweleze kijana wako hili, asidhani amechaguliwa peke yake na kuanza ugomvi.

Ukipelekwa kituoni, wakili ni bure na mkalimani ni bure. Omba vyote viwili, omba mkalimani wa Kiswahili, na kama Kiswahili si lugha yako ya kwanza, taja Kinyamulenge, Kibembe au Kirundi chako. Usikubali onyo rasmi la polisi ili tu uwahi kurudi nyumbani. Kulikubali ni kukiri kosa, na linaweza kuonekana kwenye cheti cha DBS unachoombwa ukitaka kazi ya kuwahudumia wazee au watoto. Linaweza pia kuulizwa utakapoomba uraia, kwa sababu ombi la uraia hupimwa kwa tabia njema, na kipimo hicho kinamhusu hata mtoto kuanzia miaka 10.

Funguo za nyumba na mtoto wa shule

Katika yote, hili ndilo ninalolitazama kwanza nikitembelea familia. Baba ananunua kisu halali kabisa, anakiweka kwenye pete yenye ufunguo wa nyumba. Siku moja zamu yake inachelewa, anampa binti yake wa darasa la saba funguo zilezile ili ajifungulie mlango akitoka shule. Binti anaziweka kwenye mkoba, na asubuhi inayofuata anaingia nazo darasani.

Kwa sheria ya inchi 3, huenda mtoto hana kosa la jinai. Lakini shule ina kanuni zake, na karibu kila shule imekataza kisu cha aina yoyote. Mwalimu aliyepewa mamlaka na mkuu wa shule anaweza kumpekua mwanafunzi bila idhini yake kama anashuku ana kisu, na adhabu inaweza kufika kufukuzwa moja kwa moja. Umri wa kuwajibika kwa kosa la jinai hapa ni miaka 10, mdogo kuliko wengi wetu tunavyofikiri.

Dawa yake ni pete mbili. Funguo za mtoto ziwe zake, na juu yake kusiwe na kitu kingine zaidi ya kikaragosi chake. Zana ya mzazi iwe kwenye kishikizo kinachofunguka upesi, ili uiache nyumbani siku unapokwenda shuleni, mahakamani, uwanja wa mpira au kwenye ofisi yoyote yenye mlango wa ukaguzi. Huko sheria ya inchi 3 haikusaidii, kwa kuwa mwenye mlango ana haki ya kukukatalia. Ukisafiri kwa ndege, zana yenye kisu iweke kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege. Ukisahau na kuikuta mkononi kwenye ukaguzi, utaiacha pale, na siku ya kurudi kutoka Nairobi au Dar es Salaam mambo ni yaleyale.

Kazini na kwenye shughuli zetu

Wengi wenu mnaanza kwenye maghala. Pale mnapewa kisu cha kukatia maboksi, kile chenye wembe unaosukumwa mbele. Hicho si kisu cha kukunja. Kikibaki mfukoni mwa koti ukapanda nacho basi, uko nje ya sheria hata kama ni cha mwajiri. Kusema "nilisahau" peke yake mahakama hazikubali kuwa sababu nzuri. Kiacheni kwenye sanduku lako kazini. Ukilazimika kwenda nacho na kurudi, kiwe kwenye begi la kazi pamoja na kitambulisho na fulana yako ya kung'aa, na usipitie kwingine njiani.

Akina mama mnaopika kwenye harusi na misiba, ninyi nanyi mna sababu nzuri ya kupeleka visu vya jikoni ukumbini, kwa sababu vina kazi inayojulikana na mahali panapojulikana. Vifungeni kwenye kitambaa, viwekeni chini kabisa ya beseni pamoja na miiko na sufuria, nendeni moja kwa moja, na virudi usiku uleule. Visibaki kwenye gari la mjomba wiki nzima. Hivyo hivyo panga la yule anayelima kwenye kishamba alichokodi kutoka halmashauri. Siku ya kulima lina sababu. Siku ya kwenda sokoni halina.

Zoezi la kufanya mezani

Msomeeni kijana wenu haya kwa sauti, na mwacheni ajibu kabla hamjaendelea.

Kijana wa miaka 17 amepewa na binamu yake kisu cha kukunja chenye makali ya sentimita 6. Ili kukikunja inabidi abonyeze kibati. Anataka kwenda nacho kuvua samaki. Akisema hapana moja kwa moja, mwambieni afikiri tena: siku ya kuvua, pamoja na fimbo na chambo, ana sababu anayoweza kuieleza. Tatizo ni Jumatatu, kikiwa bado kwenye koti lilelile.

Mama ana zana isiyojifunga kwenye funguo, makali ya sentimita 4. Askari anamuuliza ni ya nini. Anataka kujibu kwamba mtaa wao si mzuri usiku. Mwulizeni kijana angemshauri mama aseme nini, na je, kama hiyo ndiyo sababu ya kweli, angemshauri aseme uongo au aiache zana nyumbani?

Mkimaliza, kusanyeni funguo zote za nyumba mezani, kila moja, na mfanye lile jaribio la kusukuma mgongo. Mkikuta kisu chenye umbo la ufunguo au kingine kilichopigwa marufuku, msitembee nacho kukitafutia pipa. Kifungeni kwenye kadibodi na utepe, kisha pigeni 101, namba ya polisi kwa mambo yasiyo ya dharura, muulize kikabidhiwe wapi na vipi. Miji mingi ina mapipa maalumu ya chuma ya kutupia visu ambayo hayakuulizi jina, na visu vya kawaida msivyovihitaji vinaweza kwenda huko, vimefungwa vizuri, safari moja kutoka nyumbani hadi kwenye pipa. Msioweza kupiga simu kwa Kiingereza, njooni ofisini bila hicho kisu, tutapiga pamoja.